Asiyetaja Si Asiyetambua

Wahenga walinena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi na tumeipamba nayo kila insha, lakini naona wengi wetu hatujaiamini. Tungeiamini, tusingekuwa wepesi wa kumwita mtoto "zuzu" kwa sababu tu ameulizwa jina la kitu akanyamaza. Chama chetu cha Kiswahili kiliponiomba makala, niliona nisiandike juu ya usafi wa mazingira wala madhara ya dawa za kulevya, mambo ambayo wenzangu wameyashughulikia vyema kurasa nyingine. Mimi nataka kuzungumzia ubongo, mawimbi yake, na mbuzi wa mjomba wangu. Usicheke. Nivumilie mpaka mwisho.

Nina binamu mdogo ambaye hapa nitamwita Guyo, ingawa hilo si jina lake. Baba yake, yaani mjomba wangu, ni mfugaji upande wa Kulamawe. Guyo alipofikia umri wa kwenda shule, aliletwa hapa mjini Isiolo, nami nikaandamana nao kama mkalimani kwa kuwa Kiswahili cha mjomba ni cha sokoni tu. Kulikuwa na mahojiano. Mwalimu, mtu mpole kwa kweli, akafungua kitabu cha picha. Tufaha. Gari moshi. Mwavuli. Meli. Mtu aliyefinyangwa kwa theluji, kavaa skafu shingoni. Kwa kila picha mwalimu aliuliza, "Hii ni nini?" Guyo akatazama picha, akatazama dari, akatazama viatu vyake vipya. Kimya.

Hebu niambie, msomaji mwenzangu, angejibu nini? Reli haijafika Isiolo. Bahari iko mamia ya kilomita kutoka hapa. Theluji tunaiona kwa mbali juu ya Mlima Kenya, asubuhi ambayo mawingu yametuhurumia, nayo haijavaa skafu. Lakini kwenye fomu mwalimu aliandika kwamba mtoto ana shida ya kutambua vitu, akatuambia arudi mwaka ujao.

Jioni ile ile tulirudi nyumbani. Mbuzi wa mjomba walikuwa wamechanganyika na wa jirani kisimani, wakaja kundi moja kubwa, zaidi ya mia. Guyo akavua vile viatu vipya, akasimama mlangoni pa boma. "Wetu. Wao. Wao. Wetu." Hakusita hata mara moja. Alipomaliza akamwambia baba yake kwamba mmoja hayuko, yule mwenye sikio lililochanika. Baadaye mwanambuzi akalia gizani, na Guyo, bila kuinuka, akataja mama yake ni yupi. Mimi wa kidato cha nne, likizo iliyotangulia nilikuwa nimetumwa kumleta mbuzi mweupe mwenye shingo nyeusi, nikamleta wa jirani. Mjomba alicheka hadi machozi yakamtoka. "Kwani huko shuleni wanawafunza kuona nini?" aliniuliza.

Swali hilo limenikaa rohoni hadi leo. Nani hapa hawezi kutambua vitu, Guyo au mimi? Na kutambua kwenyewe ni nini hasa? Nilianza kusoma kila nilichopata maktabani na kumsumbua mwalimu wetu wa Biolojia, na ndipo nilipokutana na habari za mawimbi ya ubongo.

Mnamo mwaka wa 1924, katika mji wa Jena, daktari Mjerumani aitwaye Hans Berger alifaulu kunasa umeme wa ubongo wa binadamu kutoka nje ya kichwa. Alichapisha matokeo yake mwaka wa 1929, na mwanzoni wenzake wengi hawakumwamini. Leo kipimo hicho kinaitwa EEG, na hospitalini hutumiwa sana kuchunguza ugonjwa wa kifafa. Hakuna sindano wala kukatwa. Mtu huvishwa kofia yenye visahani vidogo viitwavyo elektrodi, ambavyo hugusa ngozi ya kichwa na kusikiliza umeme wa chembe za ubongo zinapowasiliana. Umeme wenyewe ni hafifu mno. Betri moja ya tochi ina volti moja na nusu. Umeme unaofika kwenye ngozi ya kichwa ni kama makumi machache tu ya mikrovolti, na mikrovolti moja ni sehemu moja ya milioni ya volti. Ndiyo maana mashine inabidi iukuze mara maelfu kabla ya kuuchora.

Sasa, wanasayansi hutumiaje mawimbi haya kujua namna mtu anavyotambua kitu? Fikiria siku ya mnada pale soko letu la mifugo. Kelele kila upande: madalali, ng'ombe, malori, wauza chai. Katikati ya kelele hizo, ngamia mmoja ana kengele ya mbao shingoni. Ukisikiliza mara moja huisikii. Lakini tuseme kengele hiyo inalia kila mara mlango wa zizi unapofunguliwa. Ukirekodi kelele za soko kila mlango unapofunguliwa, mara mia moja, kisha ukazipanga rekodi hizo zote pamoja na kutafuta wastani wake, kelele za ovyo zitafutana zenyewe kwa zenyewe, kwa maana kila mara ni tofauti. Kengele itabaki, kwa sababu kila mara inalia wakati ule ule. Ubongo nao ni soko. Mtafiti humwonyesha mtu picha nyingi, hurekodi mawimbi baada ya kila picha, hutafuta wastani, na kile kinachobaki ni mlio wa ubongo wa kuijibu picha.

Walichokipata kinashangaza. Mwaka wa 1996 watafiti watatu wa mji wa Toulouse nchini Ufaransa, Simon Thorpe, Denis Fize na Catherine Marlot, waliwaonyesha watu picha ambazo hawakuwa wameziona kabla. Kila picha ilionekana kwa milisekunde 20 tu, na sekunde moja ina milisekunde 1,000. Kazi yao ilikuwa kuamua kama ndani ya picha kuna mnyama au hakuna. Mawimbi ya ubongo yalianza kutofautisha picha zenye mnyama na zisizo naye baada ya milisekunde 150 hivi. Ndugu msomaji, huo ni muda ambao hata kope haijamaliza kupepesa! Kumbe mdomo unakuja nyuma sana. Kutaja jina la picha, hata kwa mtu mzima anayelijua vizuri, huchukua milisekunde 600 hivi au zaidi kabla ya sauti kuanza kutoka.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu, nami nakisema waziwazi: kutambua ni jambo moja, na kutaja ni jambo jingine. Kutambua kunatangulia. Kutaja kunafuata, na kunahitaji mambo ambayo kutambua hakuyahitaji: lugha ya mwulizaji, ujasiri wa kumjibu mtu mzima usiyemjua, na uzoefu wa kuulizwa maswali ambayo mwulizaji mwenyewe anajua majibu yake. Kwetu nyumbani hakuna mtu mzima anayemshika mbuzi na kumwuliza mtoto, "Huyu ni nini?" Angeonekana amerukwa na akili. Basi anayempima mtoto kwa kusikiliza mdomo wake peke yake amepima hatua ya mwisho, kisha akaandika kwenye fomu kwamba hatua ya kwanza haipo.

Kuna jambo la pili ambalo mawimbi haya yametufunza. Mwaka huo huo wa 1996, Shlomo Bentin na wenzake walieleza juu ya wimbi linalotokea yapata milisekunde 170 baada ya mtu kuona picha, sehemu za nyuma na pembeni mwa kichwa. Wimbi hilo, ambalo wataalamu huliita N170, ni kubwa zaidi mtu anapoona uso wa binadamu kuliko anapoona vitu vingine. Sisi sote ni mabingwa wa nyuso, kwani tumezisoma tangu tukiwa mgongoni mwa mama. Lakini mwaka wa 2001, James Tanaka na Tim Curran waliwapima watu waliobobea katika kutambua ndege na wengine waliobobea katika kutambua mbwa. Wakagundua kwamba bingwa wa ndege hutoa wimbi kubwa zaidi aonapo ndege kuliko aonapo mbwa, na bingwa wa mbwa vivyo hivyo kwa mbwa. Ubongo, basi, huumbwa na kile ambacho macho yamekifanyia kazi miaka na miaka.

Nikisoma hayo nilimkumbuka Guyo mlangoni pa boma. Bingwa wa ndege huko ng'ambo hufuata ndege wikendi, akiwa na darubini na kitabu. Mtoto wa mfugaji wa Isiolo hukaa na mifugo siku saba kwa wiki, na akikosea kumtambua mnyama mmoja kuna hasara nyumbani. Natabiri kwamba siku kofia ile itakapowekwa kichwani mwa mchungaji wa ngamia, naye akaonyeshwa ngamia ishirini ambao kwako wewe na mimi wote ni rangi moja ya mchanga, mawimbi yake yatasimama kama ya yule bingwa wa ndege. Nasema natabiri, maana sayansi haiendi kwa majigambo. Lakini kwa nini mchungaji asipimwe? Mwaka wa 2016, wananchi wa Isiolo na kaunti jirani walishiriki kupiga picha punda milia wa Grevy, na kompyuta ikatumiwa kuwatambua mmoja mmoja kwa mistari yao. Tuliisifu kompyuta, na ilistahili sifa. Lakini kazi ya kumtambua mnyama mmoja miongoni mwa mamia imefanywa na wachungaji wetu kwa karne nyingi, bila umeme wala malipo ya kila mwezi, na hakuna aliyewapa cheti.

Huenda mwenzangu mmoja akasema, "Haya ya mbuzi yabaki malishoni. Picha ni picha." La hasha! Mtafiti Robert Serpell alichapisha mwaka wa 1979 utafiti uliowalinganisha watoto wa Zambia na wa Uingereza katika kunakili maumbo. Walipopewa karatasi na penseli, watoto wa Uingereza walishinda. Walipopewa waya, watoto wa Zambia walishinda, kwa kuwa kule, kama hapa kwetu, watoto hujitengenezea magari ya waya. Walipopewa udongo wa kufinyanga, walitoshana nguvu. Maumbo ni yale yale na akili ni zile zile. Kilichobadilika ni kile mikono iliyozoea. Sasa jiulize: kama mtahini angekuja na penseli peke yake, angeandika nini kwenye ile fomu?

Hata hivyo, sitaki nionekane nasema kwamba kila mtoto anyamazaye ana siri ya hekima moyoni. Hapo ningekuwa mwongo, na ningewadhuru baadhi ya watoto. Wako watoto ambao kweli ubongo wao umeumia. Na sababu moja kubwa katika Afrika Mashariki ni malaria kali, ile inayomtia mtoto degedege na kumpotezea fahamu. Mtoto akipona tunamshukuru Mungu, tunachinja mbuzi, tunasahau. Lakini Chandy John na wenzake waliwafuatilia watoto waliolazwa katika Hospitali ya Mulago, Kampala, kwa malaria ya ubongo, na katika ripoti yao ya mwaka wa 2008 walionyesha kwamba miaka miwili baadaye zaidi ya robo ya watoto hao walikuwa na upungufu katika angalau upande mmoja wa akili, kama vile kumbukumbu au umakini. Mtoto kama huyo akikaa darasani bila kusikiliza, sisi husema ni mkaidi. Pengine hata huchapwa, ingawa sheria imekataza.

Na hapa mawimbi ya ubongo yamekwisha kutumiwa nchini mwetu wenyewe. Kule Kilifi, tangu mwaka wa 1989, kuna kituo cha utafiti cha Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya, KEMRI, kwa ushirikiano na shirika la Wellcome. Mwaka wa 2010 mtafiti Michael Kihara pamoja na Charles Newton, Michelle de Haan na wenzao walichapisha kazi waliyoifanya na watoto wa mashambani wa huko. Watoto walionyeshwa picha na kusikilizishwa sauti zilizorudiwarudiwa, kisha mara chache, ghafla, kinaingizwa kitu kipya. Ubongo wa kawaida hushtuka ukikutana na kitu kipya, na mshtuko huo huonekana kwenye mawimbi hata kama mtoto hajasema neno. Kwanza waliwapima watoto wenye afya njema wajue mawimbi ya kawaida ya mtoto wa Kilifi yako vipi. Kisha wakawatazama watoto waliowahi kuugua malaria kali, wakakuta kwamba ubongo wao kwa jumla uliujibu upya huo kwa namna tofauti na wenzao.

Unaona uzuri wake? Kipimo hiki hakihitaji mtoto ajue Kiingereza. Hakihitaji hata ajibu. Na watafiti hawa hawakuchukua mawimbi ya mtoto wa London wakayafanya rula ya kumpimia mtoto wa Kilifi. Walitengeneza rula hapo hapo. Huko huko Pwani, Profesa Amina Abubakar na wenzake walitayarisha kipimo cha maendeleo ya watoto wachanga kinachojulikana kwa jina la Kilifi, kilichochapishwa mwaka wa 2008, wakizingatia mazingira ambamo mtoto wa huko anakulia. Kama Kilifi wameweza, Isiolo tuna kilema gani?

Kwa hivyo tuna watoto wa aina mbili wanaokaa kimya mbele ya kitabu cha picha. Mmoja anatambua vizuri ila hana jina, au hajawahi kukutana na kitu chenyewe. Huyo anahitaji mwalimu, na kufunzwa majina ndiyo kazi ya shule. Wa pili ubongo wake umeumia. Huyo anahitaji daktari na subira. Tukiwatia wote wawili katika kapu moja lililoandikwa "zuzu", tunamdhulumu wa kwanza kwa kumwita mgonjwa, na tunamdhulumu wa pili kwa kumnyima tiba. Hilo ndilo linaloniuma.

Lakini tusiigeuze mashine hii kuwa mganga wa ramli. Wapo wanaodhani EEG husoma mawazo. Haisomi. Haiwezi kusema kwamba unamfikiria fulani wa kidato cha tatu, kwa hivyo tulieni. Umeme ukipita kwenye fuvu hutawanyika, hivyo ni vigumu kujua umetoka sehemu gani hasa ya ubongo. Mambo mengi niliyoyataja hapo juu ni wastani wa watu wengi, si hukumu juu ya kichwa cha mtoto mmoja. Ripoti ya Kilifi haimruhusu mtu yeyote kumnyoshea kidole mtoto wa jirani na kusema, "Huyu mawimbi yake yameharibika."

Kisha kuna suala la nywele. Wasichana wenzangu, hili linatuhusu. Elektrodi lazima ziguse ngozi ya kichwa barabara. Zilizozoeleka hazikuundwa kwa kufikiria nywele zetu za kipilipili, ambazo huzisukuma juu mpaka zikaacha kugusa ngozi, na mawimbi yakaharibika. Matokeo yake ni kwamba watu wenye nywele kama zetu huachwa nje ya tafiti, halafu vitabu vinasema "ubongo wa binadamu" kana kwamba binadamu wote wamepimwa. Mwaka wa 2020, Arnelle Etienne, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani, pamoja na wenzake, walionyesha suluhisho. Unajua ni lipi? Mistari! Nywele zinasukwa mistari ya kulala, ngozi inaonekana katikati, na elektrodi za umbo maalumu zinajishikiza chini ya misuko yenyewe. Yaani kazi tunayoifanya Jumamosi alasiri nyuma ya bweni, tukipiga soga, ni ujuzi ambao maabara kubwa za dunia zilikuwa zinauhitaji na hazikujua. Tangu nisome habari hiyo siketi tena kusukwa kwa kulalamika.

Mwalimu mmoja niliyemweleza mawazo haya aliniambia, "Binti yangu, hayo ni mazuri, lakini mtihani wa taifa utaandikwa kwa maneno. Asiyeweza kutaja atafeli tu." Namheshimu sana, na hapo yuko sahihi. Sikusema watoto wasifundishwe majina. Guyo ni lazima ajue tufaha, gari moshi na meli, tena kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kwa maana dunia haikuishia Kulamawe. Ninachopinga ni kulifanya jina kuwa mlango wa kuingilia shuleni ilhali lilipaswa kuwa zawadi anayoikuta ndani. Unamfungia mtu nje ya duka kwa sababu hajabeba bidhaa za humo?

Sasa niseme ninachopendekeza, maana wahenga walisema maneno matupu hayavunji mfupa.

Kwanza, kwa walimu wetu wapendwa na wale wa shule za msingi watakaosoma gazeti hili. Kabla ya kumwonyesha mtoto picha ya mtu wa theluji, mwonyesheni ngamia, kibuyu cha maziwa, kisima, mti wa mgunga, pikipiki, jerikeni. Mwacheni ajibu kwa Kiborana, Kisomali, Kisamburu, Kiturkana au Kimeru. Haukosekani mtu mjini hapa wa kutafsiri. Na kabla ya kumwuliza "hii ni nini", mwambieni "nionyeshe" au "tenganisha". Mtoto anayenyosha kidole amejibu.

Pili, kwa wazazi. Mtoto akiwa amewahi kuugua malaria kali au kupata degedege, mwambieni mwalimu, na mrudisheni hospitalini mkiona kumbukumbu yake au usikivu wake umebadilika. Si aibu na si laana.

Tatu, kwa watafiti wa vyuo vikuu. Njooni na kofia zenu, sisi tutasuka nywele. Lakini mkija, msije na picha zilizopigwa ng'ambo. Njooni tupige picha pamoja, tujue mnachotafuta, na mturudishie mlichokipata kwa lugha tunayoielewa. Utafiti unaochukua mawimbi na kuondoka bila kuaga una tofauti gani na dalali anayechukua mbuzi kwa mkopo?

Nne, kwetu sisi wanachama. Kila mmoja wetu ametoka kwenye jamii yenye majina chungu nzima ya rangi, madoa na pembe za mifugo. Likizo hii tuketi na nyanya na babu zetu tuyaandike, tuone ni mangapi yana maneno ya Kiswahili na ni mangapi hayana. Tutakitajirisha Kiswahili, na siku mtafiti atakapofika atatukuta tuna daftari tayari.

Namalizia na Guyo. Alikubaliwa shuleni mwaka uliofuata. Sasa anajua tufaha, anajua meli, anajua hata mtu wa theluji. Lakini neno lile la kwanza lilimfuata, watoto wenzake wakalisikia, na sasa huketi nyuma kabisa. Siku hizi hata jibu analolijua halisemi. Juzi nilimwuliza kwa nini hanyoshi mkono. Akaniambia kwa Kiborana, kwa sauti ya chini, kwamba yeye hatambui vitu. Kisha akageuka kutazama mbuzi waliokuwa wakirudi, akasema, kana kwamba si kitu, kwamba yule mweupe wa shingo nyeusi anachechemea mguu wa kushoto. Mimi nilikuwa bado natafuta ni yupi.

Walimu wetu, wanafunzi wenzangu, ikiwa makala haya yatamfanya mmoja wenu asubiri kidogo zaidi mtoto anapokuwa kimya, nitakuwa nimelipwa. Milisekunde mia moja na hamsini ziliutosha ubongo kuanza kutambua. Sisi tunashindwa kumpa dakika moja ya kusema?

Nafunga kalamu.